Simu Imechoka: Utengeneze au Ununue Nyingine? Anzia Kwenye Tundu la Chaji

Tangu masika yaanze, malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa hapa Tanga ni yaleyale. Simu haishiki chaji. Simu inachaji mpaka uukunje waya. Simu imelala kwenye chaja usiku kucha, asubuhi ina asilimia thelathini. Mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga Sahare alibadilishiwa betri mara mbili na fundi yuleyule, kisha akaambiwa simu imekufa bodi, atafute nyingine. Ni Samsung Galaxy A ya miaka mitatu, kioo hakina hata mkwaruzo. Bahati yake jirani alimpeleka kwa fundi wa Ngamiani, simu ikafunguliwa mbele ya macho yake, na ile bodi ndogo ya chaji ikaonekana imeshika kutu ya kijani. Ikabadilishwa, simu ikapona. Lakini betri mbili alikuwa ameshalipia, na dukani ameshaweka arubuni ya simu mpya. Arubuni hakurudishiwa.

Kwa hiyo leo sisemi habari za kamera wala ukubwa wa kioo. Hizo muuzaji atakueleza hata hujamuuliza. Nataka tuzungumze kuhusu tundu la chaji, kwa sababu kwa sisi tunaoishi na upepo wa bahari, hapo ndipo simu nyingi zinapofia, na hapo ndipo watu wanapotupa simu nzima kwa ugonjwa mdogo.

Chukua tochi uangalie ndani ya tundu la Type-C, lile ambalo chaja inaingia upande wowote. Katikati kuna ulimi mwembamba, na juu ya ulimi huo kuna pini zinazoweza kufika 24, kumi na mbili kila upande. Baadhi zinapitisha umeme, nyingine ni za simu na chaja kuelewana umeme uje kiasi gani. Zimekaa karibu karibu mno. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na unyevu wenye chumvi unapitisha umeme. Ukichomeka chaja huku tundu lina unyevu, umeme unavuja kutoka pini moja kwenda nyingine, na chuma cha pini kinaanza kuliwa. Si lazima simu iwe imeanguka baharini. Inatosha ikae dirishani Raskazone au Mwambani, au mfukoni mwa dereva wa bajaji anayetoka jasho tangu asubuhi. Ukiona ulimi una madoa meusi au kijani, umeshajua mgonjwa ni nani.

Sasa tofautisha na betri, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Betri iliyochoka inajaa haraka na kuisha haraka, simu inazima ghafla ikiwa bado na asilimia ishirini, au mfuniko wa nyuma unaanza kuinuka. Mfuniko ukiinuka, betri imevimba: acha kuichaji leo hii, usiibonyeze, usilale nayo chumbani. Tundu bovu lina tabia nyingine. Chaji inakuja na kukata ukiugusa waya. Maneno ya chaji ya haraka hayatokei tena kwenye kioo. Samsung inakuonyesha alama ya tone la maji na kugoma kuchaji hata kama hujaona maji. Ukiichomeka kwenye kompyuta, kompyuta haiioni. Jaribu kwanza kwa waya mwingine mzima, kisha zima simu na utoe vumbi la mfukoni taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Usitumie sindano. Usipulize kwa mdomo, unaongeza mate. Na habari ya kuifukia simu kwenye mchele iacheni, Apple wenyewe wameonya kwamba chembe za mchele zinaweza kuidhuru.

Sasa niwapangie machaguo, kuanzia ninaloliona bora.

La kwanza ni kutengeneza uliyonayo, kama ugonjwa ni tundu au betri na simu bado inakubaliwa na programu unazozitegemea. Mwaka 2025 WhatsApp ilikuwa inataka Android 5 kwenda juu, na kwa iPhone tangu Mei 2025 inataka iOS 15.1, yaani toleo la mfumo wa iPhone, maana yake iPhone 6 na 5s zimeshaachwa. Hizo usiziwekee hata shilingi. Kwa nyingine, kipimo changu ni hiki: gharama zote za fundi zisizidi theluthi ya bei ya simu utakayonunua badala yake. Bodi ndogo ya chaji ya Galaxy A nyingi, kwa bei nilizotajiwa mjini, ni kati ya elfu kumi na tano na elfu thelathini pamoja na ufundi. Hakuna simu mpya ya maana kwa pesa hiyo. Kioo ndicho kinachobadilisha hesabu. Kioo kikipasuka na tundu likafa kwa pamoja, mara nyingi theluthi imeshapita, hapo usijidanganye.

Lakini mtengeneze kwa akili. Mwambie fundi aifungue mbele yako. Kifaa kipya ukione kabla hakijaingia. Simu ikishafungwa, usitoe pesa mpaka ufanye mambo mawili. Kwanza chomeka chaja yako mwenyewe, uliyokuja nayo kutoka nyumbani, uone kama chaji ya haraka imerudi. Bodi za kopi nyingi zinachaji polepole na fundi atakuambia ndivyo ilivyo. Sivyo ilivyo. Pili mpigie mtu, uulize kama anakusikia vizuri, kwa sababu kwenye simu nyingi maikrofoni ya chini imekaa kwenye bodi hiyohiyo. Wapo wanaotoka kwa fundi simu inachaji, kumbe wakipiga hawasikiki, na wanarudi kulipa mara ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitaji kabisa. Simu ya kisasa imezibwa kwa gundi pembeni. Ikishafunguliwa, gundi ile imekufa, na ikifungwa bila kusafishwa na kupakwa gundi mpya, hewa ya chumvi inaingia moja kwa moja mpaka kwenye bodi kubwa. Simu iliyouzwa kuwa haiingii maji, baada ya kufunguliwa ichukulie kwamba inaingia maji. Dai gundi mpya, na uiangalie ikipakwa.

La pili, kama ni kununua mpya, nunueni Samsung ya Galaxy A. Nasema bila kificho, hii ndiyo ninayoipenda na ndiyo ninayowashauri ndugu zangu. Sababu yangu ni tundu. Katika Galaxy A nyingi tundu liko kwenye bodi yake ndogo inayochomolewa, na vifaa vyake vinapatikana mpaka kwa fundi wa Makorora. Likiharibika, unabadilisha kipande, simu inaendelea. Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024, imeahidiwa miaka sita ya masasisho ya usalama, na ina kinga ya IP54, yaani vumbi na maji ya kurushiwa. Kwa anayeweza kuongeza pesa, A36 ina IP67, yaani inahimili hata kuzama majini kwa muda mfupi, na miaka sita vilevile. Kumbukeni tu kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hakuna kampuni iliyokuahidi kuogelea na simu Sahare.

La tatu ni iPhone ya mtumba, zile zinazoitwa za Dubai. Simu ni nzuri, sikatai. Tabu iko kwa wanaoziuza. Tundu la Lightning, lililokuwepo mpaka iPhone 14, halina ule ulimi wa katikati, kwa hiyo ni rahisi kusafisha, ila angalia meno ya waya anaokupa muuzaji: jino moja likiwa jeusi kama limeungua, jua kuna unyevu uliopita hapo. Kisha fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Kuanzia iOS 15.2, iPhone XS na XR kwenda juu zinaonyesha kama betri iliwahi kubadilishwa, iPhone 11 inaongeza kioo, na 12 kwenda juu inaongeza kamera. Ukikuta imeandikwa kifaa kisichojulikana, uliza bei inashuka kiasi gani. Muuzaji akikunyang'anya simu mkononi usiangalie, umeshapata jibu, ondoka. Na asikutishe mtu na asilimia ya afya ya betri. Asilimia mia moja kwenye simu ya miaka mitano mara nyingi maana yake betri imeshabadilishwa, au namba imechezewa.

La nne ni simu mpya za bei ya chini kabisa. Kwa mzee anayepokea simu na kutuma pesa zinatosha. Kwenye baadhi yake tundu limechomelewa kwenye bodi kubwa yenyewe, na likifa, fundi atataka pesa inayokaribia nusu ya simu. Sina zaidi.

Nimalizie na bei, kwa sababu inaniuma. Mwaka 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simu janja ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Asilimia kumi na nane si pesa ndogo. Mlioingia madukani mwaka ule, mliona bei imeshuka? Mimi hapa mjini sikuiona. Mwaka 2022 msamaha ukafutwa, na kodi iliporudi wauzaji walikuwa wepesi kutuambia kwamba simu zimepanda. Mnunuzi hakuonja unafuu, lakini nyongeza alibebeshwa. Halafu ukiomba risiti ya EFD unaambiwa bei ya risiti ni nyingine. Nani alikubali bei mbili kwa bidhaa moja? Bila risiti, simu ikigoma wiki ijayo huna pa kushika, na hata ukienda Tume ya Ushindani utaulizwa ushahidi.

Kwa hiyo kabla hujahesabu pesa dukani, bonyeza *#06#, itatokea IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu; itume kwenda 15090 usubiri jibu la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuwa simu ni halali na aina iliyotajwa ni hiyo uliyoshika. Linganisha namba hiyo na ya kwenye boksi. Chomeka chaja yako, tikisa waya kidogo, uone kama chaji inakata. Dai risiti yenye IMEI imeandikwa juu yake. Na arubuni, jamani, msiweke mpaka mwenye duka aandike kwa mkono wake kwamba inarudishwa mkighairi.