Sonata za Fidla na Piano za Niels W. Gade: Ununue Rekodi Ipi

Kabla ya kulipa, soma jina lote. Gade unayemtafuta ni Niels W. Gade (1817–1890), mtunzi na mpiga fidla wa Copenhagen aliyekabidhiwa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig baada ya mtunzi Mendelssohn kufariki mwaka 1847. Jacob Gade ni mtu mwingine kabisa, yule wa tango ya "Jalousie". Axel Gade ni mwanawe Niels, naye alikuwa mpiga fidla. Kisha yupo Carl Nielsen, Mdenmark pia, mwenye sonata (utungo wa muziki wa sehemu kadhaa) ya fidla katika ufunguo wa A meja kama ile ya kwanza ya Gade. Kwa hiyo usitafute kwa jina la ufunguo peke yake, tafuta namba ya opus, yaani namba ya kazi ya mtunzi: 6, 21 na 59. Sonata zake za fidla ni hizo tatu tu.

1. CD moja yenye zote tatu. Jumla yake ni saa moja na kidogo, zinaenea kwenye diski moja, kwa hiyo usikubali kuuziwa mbili. Anza na ya Hasse Borup (fidla) na Heather Conner (piano) ya kampuni ya Naxos. CD unaweza kuinakili kwenye kompyuta kuwa FLAC (faili la sauti lisilopoteza ubora), na ikipotea faili, diski ipo.

2. FLAC ya kupakua. Sauti ni ile ile ya CD. Tenga takriban MB 300 za bando. MP3 ya 320 kbps ni kama nusu yake. Nunua albamu nzima: ukinunua wimbo mmoja mmoja utapata sehemu moja tu ya sonata.

3. Usajili wa kusikiliza mtandaoni. Unafaa kwa kulinganisha wapigaji. Zima uchezaji wa kuchanganya, la sivyo sehemu za Opus 21 zitaingiliana na za Opus 59.

4. Santuri ya mitumba. Upande mmoja hubeba dakika 20 hadi 25, kwa hiyo sonata tatu hazikai vizuri kwenye santuri moja. Tena mifereji ya karibu na katikati ndiyo hukwaruza noti za juu za fidla, na hapo ndipo sehemu ya mwisho, yenye kasi, inapoangukia. Ni ya wakusanyaji.

Ukipata nafasi ya kuonja, fungulia sehemu ya pili ya Opus 21 (1849). Larghetto (mwendo wa polepole) tulivu inapokezana na mwendo wa kasi, na mabadiliko hayo yanafichua rekodi mbovu haraka: piano ikisikika kama iko chumba cha pili huku fidla ikikung'ang'ania sikioni, achana nayo. Gade amempa mpiga piano kazi nzito sawa na ya mwenzake. Katika Opus 59 ya mwaka 1885, yenye sehemu nne, sikiliza mkono wa kushoto wa piano. Ukivuma na kufunika fidla, maikrofoni ziliwekwa vibaya.