TAHADHARI: Mzee wa "majarida ya kimataifa" pale Moshi ni mwizi

Wenzangu wa masta, hasa mnaosubiri pepa moja tu itoke kwenye jarida ili fomu ya kumaliza ipite: yule mzee wa laptopu kwenye steshenari ya karibu na stendi ya Moshi, anayejidai ana njia ya majarida ya nje, ni mwizi. Simung'unyi maneno. Amenilamba laki nne na nusu, na pesa ndiyo hasara ndogo.

Asinicheke mtu. Nilifika pale, shikamoo, marahaba mwanangu, keti. Alikuwa anakula mtori. Akasogeza bakuli pembeni, akafuta vidole kimoja kimoja kwa tishu, akafungua faili la pepa yangu ya mambo ya polisi. Wala hakukimbilia bei. Alisoma! Anashusha ukurasa taratibu, kimya, mpaka jedwali la tatu akagonga skrini kwa ukucha: "Mwanangu, hizi asilimia ukijumlisha zinafika 104." Nikajumlisha kwa simu. Mia na nne kweli. Msimamizi wangu (mnamjua) alilipita jedwali hilo hilo na akasaini. Mzee akaendelea: hapa kwenye Polisi Jamii usiandike "miaka ya karibuni", andika 2006, Said Mwema akiwa IGP. Na sungusungu wapandishe juu kwenye historia, hao walianza Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, huwezi kuwaweka nyuma ya Polisi Jamii. Yote sahihi. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo unamkataaje? Kwa nilivyokuwa nimebanwa, na mnajua nani alikuwa ananibana?

Akanionyesha jarida lenyewe. Jina limeigizwa la Policing and Society, lile la Waingereza, limeongezwa neno moja mbele. Nembo ipo, ISSN, ile namba ya jarida, ipo, maprofesa wenye mvi wamepangwa kwenye picha. Akasema wahakiki wanataka faili zima na viambatisho vyake, wahakikishe data haikupikwa. Nikatuma. Nikalipa kwa simu, likatokea jina la mwanamke. Ati mhasibu wao. Jioni ile ile barua ya kukubaliwa ikaingia. Nikampigia mama, tukapiga vigelegele, yeye Rombo mimi Pasua.

Maoni ya wahakiki yalikuwa mistari minne. Mmoja kasifu nilivyoteua "wagonjwa". Wagonjwa gani? Mimi nimehoji askari! Nilipouliza, mzee akacheka, kalamu imeteleza mwanangu. Ikaja ada ya DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni. Ikaja ada ya kuharakisha. Halafu simu haipatikani, na kijana wa steshenari anasema yule alikuwa anakodi meza tu.

Pepa imetoka, ndiyo. Jina langu ni la pili. La kwanza ni la mtu nisiyemjua. Zile asilimia 104 zimo vilevile, wakati nilimtumia nakala niliyosahihisha. Na chini kabisa wamebandika viambatisho vyote: vituo, vyeo, miaka kazini, vya askari ambao niliwasainia karatasi ya ridhaa kwamba hawatajulikana. Kuna kituo kina mwanamke mmoja tu wa cheo chake. Nani atashindwa kumjua? Alichoniambia kwenye mahojiano sirudii hapa. Nimempigia dada wa watu kumwambia, akanisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Na kwingine siwezi kuipeleka, maana majarida ya kweli hayapokei pepa iliyokwisha kuchapishwa.

Huyu mzee awekwe ndani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, si pambo. Afungwe, alipe, laptopu ipigwe mnada, na huyo "mhasibu" wake aunganishwe. Tena pepa yenyewe inahusu kwa nini wananchi hawaripoti uhalifu!

Dalili? DOI yake ukiiweka kwenye doi.org haifunguki. ISSN ni namba ya utambulisho tu, haisemi jarida ni zuri. Kwenye orodha za majarida za Scopus na DOAJ unaweza kutafuta jina bure, halimo. Na hilo la kweli, Policing and Society, halikudai hela ili likusome: unalipa ukitaka makala iwe wazi kwa kila mtu, tena baada ya kukubaliwa. Nani anamaliza kuhakiki pepa kati ya mchana na magharibi? Viambatisho vya watu mliowahoji msimpe mtu yeyote wa mezani, hata akijua historia ya polisi kuanzia mkoloni.

Nasikia kahamia Arusha, upande wa Sakina, na sasa anajiita Dokta. Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Mliopigwa naye msifute meseji. Pigeni picha za miamala na hizo barua za kukubaliwa, mnitumie kabla ya Jumatatu. Asubuhi naingia kituoni, na sitaki kuingia peke yangu.