Bastola ya kwanza ya staili ya jeshi huku Marekani: ipi uchukue, ipi uipite

Kila ukifika msimu wa kurudishiwa hela za kodi huku Marekani lazima kuna mshikaji atauliza, jamani nina kama dola 500, nataka bastola yangu ya kwanza ila nataka ile ya kijeshi jeshi, yenye historia yake, nichukue ipi? Tatizo watu wanakomaa na bei ya bastola wakati hela yenyewe inaliwa na risasi. Bastola unanunua mara moja, risasi unanunua kila ukienda renji (uwanja wa kulenga shabaha), na asiyeenda renji hana haja ya bastola. Kwa hiyo mimi napanga hivi: kwanza risasi zake zinapatikana na ni za bei gani, pili magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini) na spea zipo, uzuri na historia vinakuja mwisho kabisa.

Kabla ya kupanga, mambo ya sheria kidogo maana wengi wetu ni wahamiaji. Mwenye green card anaruhusiwa kununua, mwenye visa ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, sasa usidanganyane na mtu. Dukani lazima uwe na miaka 21 kwa bastola, unajaza fomu 4473, wanakucheki kwenye mfumo wa FBI, na ukidanganya kwenye ile fomu ni kosa la jinai la serikali kuu na kwa mgeni hilo linaweza kukurudisha kwenu. Usimnunulie mtu mwingine kwa jina lako hata kama ni shemeji na kakupa hela yake. Na tafadhali usije ukaifunga kwenye begi ukienda likizo Dar au Mombasa, huko silaha ina leseni zake na taratibu zake, utaozea ndani. Ukinunua mtandaoni kutoka jimbo lingine bastola haiji mlangoni, inatumwa kwa duka lenye leseni kwenye jimbo lako na unaichukulia pale.

Haya. Namba moja najua itawaudhi, ni Glock 17 iliyotumika, zile polisi wanazorudisha wakipewa mpya. Utasema hiyo ni plastiki, siyo ya jeshi. Ni ya jeshi bwana, jeshi la Austria waliichukua 1982 na ndiyo sababu ilitengenezwa, na Uingereza wakaichukua 2013 wakaachana na bastola yao ya Browning ya miaka mingi. Zile za polisi zimekwaruzika kwa nje sababu ya kuingia na kutoka kwenye ala kila siku ila zimefyatuliwa risasi kidogo sana, na bei mara nyingi inabaki chini ya dola 400. Magazini zake zimejaa kila duka, spea hata fundi wa kawaida anazo. Angalia tu maandishi kwenye slaidi (kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma), maana Glock nyingi za bei chee ni za .40, risasi nene kuliko 9mm, ambazo idara nyingi zilizihama kurudi 9mm, na .40 risasi zake ghali na teke lake kali kwa mtu anayeanza. Jambo la kukumbuka, Glock haina sefti (kifungo cha kuzuia isifyatuke) ya kubonyeza kwa kidole gumba, na ili uifungue kuisafisha lazima uvute triga kwanza. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho, ingiza na kidole, ndipo uvute. Watu wametoboa kuta za vyumba vyao kwa risasi hapa hapa. Na kama nyumbani kuna watoto, hela ya kasha la kufuli itoke kwenye hiyo hiyo bajeti, siyo mwezi ujao.

Roho ikikataa plastiki basi namba mbili, Taurus PT92. Hii ni ndugu wa Beretta 92, ile ambayo jeshi la Marekani waliichagua 1985 wakaiita M9. Taurus wa Brazil walinunua kiwanda cha Beretta cha São Paulo mwaka 1980, mashine na kila kitu, wakaendelea kutengeneza wenyewe, kwa hiyo siyo kopi ya uchochoroni. Ni nzito, na huo uzito ndiyo raha yake, 9mm ndani yake inapiga teke la upole kabisa, mtu wa mara ya kwanza anapiga na anatabasamu. Mimi binafsi sefti yake naipenda kuliko ya Beretta yenyewe, maana iko kwenye bodi na siyo kwenye slaidi, kidole gumba kinaifikia bila kuhangaika, na ukiisukuma chini kabisa inashusha nyundo taratibu. Ila magazini za Beretta haziingii moja kwa moja, tundu la kushikia liko sehemu nyingine, nunua za kwake au za kampuni ya Mec-Gar zilizoandikwa PT92. Mwenye mkono mdogo aishike kwanza dukani, mpini mnene huo.

Namba tatu kwangu ni Girsan MC P35 ya Uturuki. Ni ile Browning Hi-Power ya 1935, John Browning aliianza akafariki 1926, Dieudonné Saive akaimalizia kule FN Ubelgiji. Vita kuu ya pili ilitumiwa na pande zote mbili. FN walipoacha kuitengeneza bei za zile za zamani zikapaa, Waturuki wakaona mwanya. 9mm, inakaa mkononi vizuri kuliko zote nilizotaja, bei inazunguka dola 500 hivi. Kwa nini siyo namba mbili basi? Ni single action, maana yake lazima uikoki, yaani nyundo ivutwe nyuma kwanza, ndipo ipige, na kuizoea sefti yake kunataka mazoezi ambayo wengi hawafanyi.

Bastola iitwayo 1911 nayo. Wote mnaitaka hii, najua. Tisas wa Uturuki na Rock Island wa Ufilipino wanatengeneza za staili ile ile ya vita vya dunia kwa dola 400 hadi 500, na ni imara. Lakini ile ya risasi za .45 inabeba risasi 7 tu na boksi lake ni ghali kuliko la 9mm, piga hesabu mwenyewe ukienda renji kila mwezi. Kuifungua nayo, ile springi ikikuponyoka inaruka hadi jirani. Iwe ya pili, siyo ya kwanza.

Za mitumba ya majeshi ya Ulaya Mashariki sasa. CZ 82 ya Czechoslovakia ndiyo bora kundi hilo, risasi 12, mtutu una kromu ndani, sefti pande zote mbili hata wa mkono wa kushoto anafurahi. Makarov ni ngumu haiharibiki ovyo. Shida ni kwamba zote zinakula 9x18, na hiyo 9x18 siyo 9mm ya kawaida, usije ukabeba boksi lisilo lake, na duka la kawaida unaweza kukuta hawana kabisa.

Tokarev na Star za Hispania ipite tu. Tokarev risasi zake 7.62x25 zimekuwa adimu, na zile za zamani za jeshi zina chumvi kwenye kiwashio, usipoosha mtutu siku hiyo hiyo kwa maji ya moto ukakausha ukapaka mafuta, kutu inakuja haraka. Star kampuni ilifungwa 1997 na ile pini inayopiga risasi inajulikana kwa kukatika, spea unawinda mitumbani.

Ukienda kuangalia iliyotumika beba tochi ndogo, mwombe muuzaji aifungue umulike mtutu mwenyewe, ukiona vishimo vishimo ndani rudisha. Majimbo kama California, New York na New Jersey yana kikomo cha risasi 10 kwa magazini, uliza duka la kwenu kwanza kabla hujaagiza. Na chenji ikibaki usinunue leza wala taa, chukua magazini mbili za ziada na ulipie saa moja na mwalimu pale renji.