Nissan Juke ya Kizazi cha Pili: Buti Limekua, Ubishi Umepungua

Nissan ilipoizindua Juke, gari lake dogo lililoinuka, mwaka 2010, watazamaji waligawanyika papo hapo. Taa zake kubwa za mbele zilikuwa za mviringo na zilikaa chini, karibu na bampa, mithili ya taa za ziada za gari la mashindano ya rali, huku taa nyembamba za kuonyesha mwelekeo zikipanda juu ya boneti kiasi kwamba dereva aliweza kuziona akiwa ameketi kwenye usukani. Mabega juu ya magurudumu yalivimba, paa liliteremka kuelekea nyuma, na vitasa vya milango ya nyuma vilifichwa pembeni mwa madirisha ili gari lionekane kana kwamba lina milango miwili tu ya abiria. Wapo waliolifananisha na chura. Hata hivyo lilinunuliwa, tena kwa wingi: lilipoupisha usanifu mpya mwaka 2019, Juke zilizouzwa barani Ulaya zilikuwa zimekaribia milioni moja.

Usanifu huo mpya ndio ninaoupima hapa, na kipimo changu ni umaarufu wa gari kuliko uzuri wake, kwa sababu mambo hayo mawili hayaendi pamoja daima. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Juke ya kwanza hata huo uzuri wa nje ulikuwa na wapinzani, na ndani hali ilikuwa ngumu zaidi. Buti lake la awali lilikuwa na ujazo wa lita 251 tu, kiasi ambacho gari la kawaida la mjini, lisilojidai kuwa krosova (gari la mjini lililoinuliwa lifanane na la barabara mbovu), lingeweza kukishinda. Marekebisho ya mwaka 2014 yaliufikisha ujazo huo lita 354 kwa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu mawili. Jambo hilo linastahili kuangaliwa mara mbili, kwani marekebisho ya katikati ya maisha ya gari kwa kawaida huishia kwenye taa, bampa na rangi, na ni nadra mtengenezaji kukubali gharama za kuugusa mwili wenyewe. Aliyefanya hivyo alikuwa amekwisha kusikia malalamiko ya kutosha.

Kizazi cha pili kiliendeleza kazi hiyo bila haya. Gari lilihamia kwenye msingi mpya ambao Nissan inashirikiana na Renault, likarefuka hadi milimita 4,210, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ukaongezeka kwa milimita 106 na kufikia 2,636. Buti lilifika lita 422. Pamoja na kukua huko, uzito ulipungua kwa kilo 23. Abiria wa nyuma ndiye aliyefaidika kuliko wote, maana magoti yake yalipata nafasi ya takriban sentimita sita zaidi; katika gari dogo, hizo ndizo zinazotenganisha safari ya saa mbili inayovumilika na safari ambayo mtu mzima hatakubali kuirudia. Mnunuzi wa Juke ya kwanza mara nyingi alikuwa mtu asiyejali anayeketi nyuma yake. Mnunuzi wa ya pili anaweza kuwa na watoto wawili, na hilo linalifungulia gari soko pana ambalo ile ya kwanza ililifungia mlango kwa makusudi.

Kuhusu sura, wasanifu walijizuia kwa busara. Taa za mviringo zilibaki, na vitasa vya nyuma vilibaki mafichoni, ingawa macho ya leo hayadanganyiki navyo tena. Kilichobadilika ni uwiano: kila kiungo ambacho zamani kilionekana kama kimebandikwa baadaye sasa kinaonekana kimezaliwa na mwili. Nakubali kwamba gari la pili ni zuri zaidi. Nakubali pia kwamba sijawahi kuona watu wakibishana juu yake, na ubishi ndio uliokuwa tangazo la bure la Juke ya kwanza kwa miaka mingi.

Chini ya boneti, hasara ni dhahiri zaidi. Juke ya kwanza ilipatikana ikiwa na injini ya lita 1.6 yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu) na mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, na kulikuwa na toleo la Nismo kwa wanaopenda mwendo. Ya pili ilianza na injini moja tu, ya silinda tatu, lita 1.0 na tabo, yenye nguvu farasi 117, ikisukuma magurudumu ya mbele pekee. Injini hiyo inatosha kwa matumizi ya kila siku, ila haina cha kumfanya mtu alisifu gari mbele ya rafiki zake. Mhasibu yeyote ataeleza kwamba matoleo yenye nguvu huuzwa machache. Asichoweza kukiandika kwenye hesabu zake ni wangapi walionunua toleo la kawaida kwa sababu walilitamani lile kali.

Hata hivyo, jambo lililouumiza usanifu huu kuliko lolote ni kuchelewa. Miaka tisa ni mingi mno katika daraja la magari haya. Juke ilipoanza, washindani wake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ilipobadilishwa, Renault Captur na Peugeot 2008, zote za mwaka 2013, zilikuwa zimekwisha kujenga wateja wao, na mwaka huohuo wa 2019 zote mbili zilitoka katika vizazi vipya. Lita 422 zingekuwa habari kubwa miaka minne kabla. Marekani na Japani usanifu mpya haukufika kabisa, kwani huko nafasi ya Juke ilichukuliwa na Kicks, krosova nyingine ya Nissan.

Mfano wa Ford unasaidia kuona njia nyingine. Huko Ulaya EcoSport, krosova yake ndogo, ilikuja ikiwa na tairi la akiba lililoning'inia kwenye mlango wa nyuma unaofunguka kwa upande, nayo haikupendwa sana. Badala ya kuitengeneza sura bila kikomo, Ford ilileta Puma mwaka 2019, yenye mwili mpya na jina lililoazimwa kutoka gari la michezo la zamani, pamoja na buti la lita 456 ambalo sehemu yake ni shimo la lita 80 chini ya sakafu, lenye tundu la kutolea maji ili liweze kuoshwa. Mwaka 2023 na 2024 Puma iliongoza mauzo ya magari yote mapya nchini Uingereza, nchi ambako Juke yenyewe inaundwa, mjini Sunderland.

Nissan haikukaa kimya. Mwaka 2022 ilileta Juke ya haibridi, inayotumia petroli na umeme pamoja, yenye nguvu farasi 143, na mwaka 2024 ikaweka skrini ya inchi 12.3 kwenye dashibodi na kuirudisha rangi ya njano iliyotambulisha kizazi cha kwanza. Haibridi ni tulivu mjini na ndiyo ningeichagua kwa foleni, lakini vifaa vya umeme vimekula sehemu ya buti na kulirudisha kwenye lita 354, zilezile za mwaka 2014. Mwenye familia na achukue ya petroli.