Eti "bastola ya akina mama": yaliyonikuta nikichagua kati ya Glock na CZ

Hasira niliyonayo kwa yule muuzaji wa bastola haijaisha, ndiyo maana naandika. Mimi ni mnunuzi wa asali. Natoka Tabora mjini naingia vijiji vya Sikonge na fedha taslimu, kwa sababu mrina asali wa huko ndani hataki kusikia habari za kutumiwa kwenye simu wakati mtandao wenyewe mpaka apande kichuguu. Leseni ya bastola nimeitafuta kihalali: serikali ya mtaa, polisi, alama za vidole, kamati ya usalama, kama inavyotaka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote huko nilipokelewa vizuri, "karibu mama, kaa hapa." Dharau nimeikuta Dar, kwenye duka ambalo mimi ndiye niliyepeleka hela.

Nilimwambia nataka kuangalia Glock 19 na CZ 75. Akaniuliza, "Mzee yuko wapi, atakuja kuchagua?" Nikamjibu leseni ina jina langu. Akatoa kibastola kidogo akakisukuma mezani: "Chukua hiki mama, ndicho cha akina mama. Kinakaa kwenye mkoba." Chapa yake sitaitaja, kosa si la kiwanda.

Mkoba jamani! Wakwapuzi wa pikipiki wananyakua nini kwanza kama si mkoba? Na huo udogo anaousifia, bastola ikiwa nyepesi ndivyo inavyoruka zaidi mkononi ukifyatua, na springi za hivi vidogo mara nyingi ni ngumu. Nilivuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, ikagoma njiani. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Vidole vya asali hivyo." Wateja wengine wamesimama pale wanasikia.

Nikashikilia Glock. Akaikagua kwamba haina risasi, akanipa kwa shingo upande. Kidole kikafika kwenye triga, yaani kifyatulio, kwa ncha tu. "Unaona? Siyo saizi yako," akanyoosha mkono airudishe kabatini.

Hapo ndipo binti mmoja aliyekuwa anapanga maboksi akasogea. "Shikamoo mama. Naomba nikuonyeshe kitu." Akachukua kifaa kidogo, akasukuma pini moja nyuma ya mpini, akabandua kipande cha plastiki chenye mikwaruzo ya kuzuia kuteleza. Kumbe ile ya maonyesho ilikuwa imevalishwa kipande kikubwa! Glock za toleo la nne na la tano zinakuja na vipande hivyo ndani ya boksi, unabadilisha kulingana na kiganja chako. Akafunga pini, akanipa. Kidole kikalala kwenye triga kwa nyama yake, pale panapotakiwa, na mkono haukupinda. Kazi ya dakika moja, na yule bwana alikuwa anaijua. Aliona tu kwamba mimi sistahili kubanduliwa kipande cha plastiki.

CZ 75 nayo nilishika. Niseme ukweli, kwa jinsi mpini unavyojaa kiganjani sijaona mfano wake. Wacheki waliijua kazi yao walipoiunda hiyo 1975. Ni ya chuma na nzito, kwa hiyo inatulia. Lakini slaidi yake imezama ndani ya fremu, kile kiunzi cha chini, sehemu ya kukamata ni nyembamba, na vidole vikiwa na jasho vinateleza. Tena mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu kama hujakoki (hujavuta nyundo nyuma), wakati kwenye Glock mvuto ni uleule kila risasi. Kwa mkono wangu, Glock. Mwenye mkono mrefu na anayetaka silaha ya kubaki nyumbani asinifuate mimi, achukue CZ, wala asisite.

Ila Glock haina kile kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa dole gumba. Njia zake za usalama ni za ndani, pamoja na kile kijiti cha kwenye triga. Kwa hiyo holsta, yaani ala ya bastola, inayofunika triga yote ni lazima, na kiunoni, siyo mkobani katikati ya funguo na kalamu. Hilo pia aliyeniambia ni yule binti, siyo bosi wake.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema duka lile mtu asikanyage. Sasa nikimkumbuka yule binti roho inalainika, nasema nendeni, bei yao ni ya haki na makaratasi yao yamenyooka. Halafu nakumbuka kile kicheko. Hapana! Risasi nitanunua kwingine, hata kama ni ghali zaidi, na siku binti yule akifungua duka lake nitapanda treni kutoka Tabora kwa ajili yake.