Seoul mwezi wa kwanza: baridi kali nje, sakafu za moto ndani

Watu wakiniuliza waende lini Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, wanategemea niseme mwezi wa nne maua yakichanua. Mi nasema nenda Januari, na naongea kama mtu wa Dar kabisa ambaye nyumbani feni haizimwi usiku kucha. Baridi ipo tena ya kweli, mchana joto linazungukazunguka kwenye sifuri na usiku likishuka linaweza kufika hasi 10 na kwenda chini zaidi ule upepo wa kutoka Siberia ukishaamua kuja. Lakini ni baridi kavu yenye jua! Mvua karibu hamna, anga bluu siku nyingi, na wazee wa kule wana msemo kwamba baridi hukaza siku tatu halafu inalegea siku nne, kwaiyo ukiona leo umebanwa sana jipe moyo.

Ila kilichonifanya niandike hii rivyu ni jinsi ule mji unavyokupasha moto. Sijaona sehemu nyingine watu waliofikiria baridi kwa undani hivyo, na raha yake huwezi kuielewa ukienda kipindi cha joto.

Nianze na malazi. Nililala gesti ya hanok, zile nyumba za kizamani za mbao na vigae, mtaa wa Bukchon uliopo katikati ya majumba ya kifalme ya Gyeongbokgung na Changdeokgung. Kitanda hamna. Unatandikiwa godoro jembamba chini, na sakafu yenyewe ndo hita, wanaita ondol. Zamani jiko lilikuwa ubavuni mwa nyumba, moto na moshi vinapita kwenye mifereji chini ya mawe ya sakafu hadi vinatokea upande wa pili kwenye bomba la moshi, yaani mama akipika wali na chumba kinapata moto humohumo, kuni zilezile. Siku hizi ni mabomba ya maji moto yamelazwa chini ya sakafu, na utayakuta hadi kwenye magorofa mapya. Sasa wewe fikiria umetembea siku nzima vidole havisikii, unaingia unavua viatu mlangoni, unakanyaga chini unakuta joto linapanda taratibu kuanzia kwenye unyayo. Unajilaza chali mgongo unafunguka wote. Soksi zilizolowa na theluji nilikuwa naziacha palepale chini na asubuhi zimekauka na zina joto, unavaa unatoka.

Gesti yenyewe naipa nyota nne. Bafu lilikuwa finyu sana na kuta nyembamba unasikia jirani akikohoa, na hewa inakauka mno usiku, ikabidi niwe natundika taulo bichi chumbani ndo koo likatulia. Afu Bukchon ni makazi ya watu wanaishi pale, sio maonyesho, kwaiyo mabegi ya magurudumu na kelele za usiku tuwe na ustaarabu.

Sasa tuje kwenye jjimjilbang, hapa natoa nyota tano na ningekuwa na za ziada ningeziongeza. Ni nyumba ya kuogea na kupumzika, wanaenda watu wa kila aina, familia nzima na watoto, wanafunzi, mabibi, wafanyakazi waliochoka. Kiingilio mara nyingi ni kati ya won (pesa ya Korea) 10,000 na 20,000 kutegemea sehemu na saa. Unaacha viatu kwenye kiloka kidogo mlangoni, unalipa, unapewa tisheti na kaptula za palepale, taulo, na ufunguo wa loka unauvaa mkononi, na sehemu nyingi ukinunua chakula ndani wanaandika kwenye namba ya huo ufunguo unakuja kulipa wakati wa kutoka. Wanaume upande wao, wanawake upande wao.

Niseme wazi maana najua wengi hili litawasumbua: upande wa mabwawa watu wako uchi kabisa, nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Kwetu hilo ni gumu na sina haja ya kumlazimisha mtu. Kama huwezi, badilisha nguo kwenye loka upitilize moja kwa moja kwenye ukumbi wa pamoja ambako wote wamevaa, hakuna atakayekuuliza. Lakini ukiweza, oga kwanza na sabuni umekaa kwenye kile kistuli (hii ni lazima, usiingie bwawani hujaoga), halafu ingia kwenye maji ya moto pole pole, kuna bwawa la vuguvugu, la moto, la moto zaidi, na la baridi pembeni. Ukitaka kusuguliwa unalipia tofauti, unalala kwenye meza, anakuja mama wa kazi, au baba kama ni upande wa wanaume, amevaa glovu za kukwaruza na anakusugua kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu, taka za ngozi zinatoka vipande vipande mpaka unashangaa ulikuwa unaishije nazo. Ngozi baada ya hapo ni laini ajabu, upake mafuta hapohapo usichelewe.

Ukumbini ndo penyewe. Sakafu ya moto, watu wamelala chini na vimito vyao, wengine wanapiga stori, watoto wanakimbia, runinga inaongea peke yake. Pembeni kuna vyumba vyenye vilango vidogo, cha udongo wa njano, cha chumvi, cha mkaa, na kimoja cha barafu. Unaingia cha moto unatoka jasho, unahamia kwenye barafu, unarudi. Taulo wanalikunja kichwani linakuwa na visikio viwili vya duara kama kondoo, na mtu yeyote atakufundisha ukimwomba, mi nilifundishwa na bibi mmoja ambaye hatukuwa na lugha hata moja ya kuelewana, alinishika kichwa akanifunga akapiga makofi. Unanunua mayai yaliyookwa mpaka yakawa ya kahawia na sikhye, kinywaji baridi cha wali na kimea, kitamu kidogo na punje za wali zinaelea. Nakwambia ule mchanganyiko ukiwa umetoka kwenye chumba cha moto, acha tu.

Mwenye presha au mjamzito aulize daktari wake kabla, vile vyumba vina moto kwelikweli. Jjimjilbang nyingi zilikuwa zinakesha masaa 24 na watu wanalala humo kwa bei ya kiingilio, ila baada ya korona kuna zilizofungwa na zilizopunguza muda, kwaiyo hakikisha kwanza. Ile niliyolala mimi sitaitaja, taa hawakuzima na kigodoro kilikuwa chembamba mno, kupumzika jioni ni safi lakini usingizi wa maana sikupata.

Chakula sasa. Soko la Gwangjang lipo tangu 1905, unashukia kituo cha metro cha Jongno 5-ga. Wale kina mama wanaouza wana mabenchi yenye hita chini ya kalio, unakaa unapashwa huku mvuke wa masufuria unakupiga usoni. Kula bindaetteok, choroko zimelowekwa zinasagwa palepale kwenye mawe ya kuzunguka kisha zinakaangwa kwenye mafuta mengi mpaka pembeni zinakauka zinalia kwa jino. Na kalguksu, tambi za kukatwa na kisu kwenye supu inayochemka. Angalia bei kwenye kibao kabla hujakaa na uulize sahani ina kiasi gani. Ndugu zangu Waislamu, nguruwe huwa anaingia sana kwenye maandazi yao ya mvuke na hata kwenye bindaetteok wakati mwingine, kwaiyo ulizeni, na kama mnataka uhakika nendeni Itaewon ulipo msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa 1976, mtaa wa kupandia pale una migahawa ya halali na maduka.

Asubuhi tafuta seolleongtang. Mifupa ya ng'ombe imechemshwa masaa mengi mpaka supu imekuwa nyeupe, inakuja haina chumvi, unaweka mwenyewe na majani ya kitunguu, unachanganya na wali, pembeni kimchi ya figili, yaani figili za kuchachushwa. Sisi tuliokulia kwenye supu ya asubuhi hapa tuko nyumbani.

Barabarani kuna hotteok, chapati nene ndogo ina sukari guru na mdalasini na karanga ndani, ing'ate kwa tahadhari ile sukari inakuwa uji wa moto. Kuna bungeoppang, mkate umbo la samaki wenye maharage matamu mekundu, na viazi vitamu vya kuchoma. Pia eomuk, samaki wa kusagwa kwenye vijiti, ukinunua unachotewa na supu yake kwenye kikombe cha karatasi, ile supu ukiishika kwa mikono miwili ndo dawa yenyewe.

Cha kufanya nje: kuteleza kwenye barafu uwanja wa Seoul Plaza mbele ya ofisi za jiji, won 1,000 pamoja na viatu vya kutelezea kwa saa moja! Haifiki elfu mbili ya Tanzania. Barafu inawekwa kuanzia Desemba hadi Februari. Gyeongbokgung ni won 3,000, Jumanne wanafunga, na ukivaa hanbok, nguo yao ya asili, ya kukodi unaingia bure, vaa tu nguo za kubana za joto kwa ndani. Ukipata bahati theluji imeanguka usiku, wahi asubuhi mlango ukifunguliwa kabla watu hawajakanyaga ule uwanja.

Mavazi: usivae sweta moja zito, vaa tabaka tabaka maana metro wanawasha hita hadi kwenye viti, na hata vituo vingi vya basi vina mabenchi ya moto, kwaiyo utakuwa unavua na kuvaa. Viatu viwe rahisi kuvua, utavivua kila mahali. Vile vipakiti vya kushika joto mkononi vinauzwa maduka yote madogo ya saa 24. Beba mafuta mazito ya kwenu, midomo na mikono inapasuka. Ramani tumia Naver Map kwa sababu Google kule kwenye kutembea kwa miguu haikusaidii sana. Kuna siku vumbi la hewani linakuwa baya, uwe na barakoa.

Kilichonikera kidogo ni migahawa mingine ya nyama kukataa mtu mmoja, wanataka angalau wawili, na giza saa kumi na mbili jioni tayari limeshaingia. Halafu chunga Seollal, mwaka mpya wao, unaangukia mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari, maduka na migahawa mingi inafungwa na tiketi za treni za kutoka mjini zinaisha. Viza ombeni mapema, ubalozi wao upo Dar na Nairobi pia.