Faya ya kujitolea huku Lancaster County: uzoefu wangu baada ya kuwaita na baada ya kuwajua

Jamani kwenye magrupu yetu ya Waswahili wa Pennsylvania, hapa Marekani, kila siku tunaelekezana kila kitu, fundi magari gani mwaminifu, duka gani lina unga mzuri wa ugali, nani anajaza kodi bila kukuibia, lakini sijawahi kuona mtu anaandika kuhusu watu wa faya, yaani zimamoto, wa hapa tunapoishi, na mimi kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote nilizokutana nazo toka nifike nchi hii. Naandika kirefu kidogo mnivumilie, kuna mambo naona wengi wetu hatuyajui na yanaweza kuokoa mtu.

Kwanza muelewe ni watu gani hawa. Mimi nimekulia Tanga, kwetu faya ni jeshi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, unapiga 114 wanakuja askari wenye sare na mshahara wa serikali. Hapa Lancaster mjini kati wapo wa kulipwa, ila ukishatoka nje ya mji, huku kwenye taunishipu, yaani maeneo ya nje ya mji yenye serikali zao ndogo, tunakopanga wengi wetu, faya karibu yote ni kampuni za kujitolea. Hiyo kampuni si biashara, ni chama cha wakazi wenyewe, wana stesheni yao, magari yao, viongozi wanawapigia kura wenyewe kwa wenyewe, na anayekuja kuzima moto kwako ni fundi bomba, mwalimu, dereva wa lori la maziwa, mkulima. Peja, kile kidude cha kuwaita, ikilia anaacha sahani mezani anakimbia. Halipwi. Pennsylvania nzima kampuni zaidi ya tisa katika kila kumi ziko hivyo, na hata ukichukua Marekani yote zaidi ya nusu ya wazima moto ni watu wa kujitolea, mimi hili lilinishangaza sana maana nchi tajiri hivi ungedhani kila kitu kinalipiwa.

Sasa uzoefu wenyewe. Ilikuwa mwezi wa kwanza, baridi ile ya kuuma masikio, mume wangu yuko shifti ya usiku, mimi na watoto tumelala. Alamu ya besimenti, chumba cha chini ya nyumba, ikaanza kulia, milio minne, kimya kidogo, tena minne. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna kitu, ila mwanangu mkubwa toka jioni alikuwa analalamika kichwa kinamuuma na mimi mwenyewe najisikia kichefuchefu. Tukavaa makoti tukatoka nje nikapiga 911, namba ya dharura ya huku. Wakaja haraka kuliko nilivyotegemea, na mtu wa kwanza kushuka alikuwa baba mmoja namjua kwa sura, yule anayeuza vifaa kwenye duka la hadwea. Wakavaa mitungi ya hewa mgongoni wakaingia na kile kipimo cha gesi, wakakuta kaboni monoksaidi imejaa kule chini, bomba la kutolea moshi wa hita lilikuwa limeziba na kiota cha ndege. Wakazima hita, wakafungua madirisha, wakapitisha feni kubwa nyumba nzima mpaka kipimo kikashuka, huku watoto wamekalishwa ndani ya gari lao lenye joto na wanaulizwa kila mara kichwa kinaendeleaje. Ambulansi nayo ilikuja ikatupima.

Kilichonigusa zaidi ni baada ya hapo. Hawakuondoka. Mmoja akapiga simu kwa mwenye nyumba akamweleza kwamba hiyo hita isiwashwe mpaka fundi aiangalie, mwingine akaleta hita ndogo za umeme toka kwao tuazime, na kesho yake jioni akapita kuangalia kama tumepata joto. Hajaagizwa na mtu. Hilo la kurudi ndio limenifanya niandike.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye hii gesi kwa sababu inahusu watu wetu sana. Kaboni monoksaidi haionekani, hainuki, haina ladha, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni na mtu anapitiwa usingizini. Umeme ukikatika kwenye theluji kubwa kuna ndugu zetu wanaingiza jiko la mkaa ndani kama tulivyozoea nyumbani, lakini nyumba za kwetu zina upenyo juu ya kuta, hewa inapita, hizi za huku zimezibwa kila mahali kuzuia baridi. Mkaa ndani ya nyumba ya huku unaua. Jenereta hata ukiiweka gereji mlango wazi bado ni hatari. Na mjue milio: minne ikijirudia ni gesi, mitatu mirefu ikijirudia ni moshi, kile kimlio kimoja kifupi kila baada ya muda ni betri inaisha, badilisha, usiing'oe alamu ukaiweka kabatini kama navyoona kwenye nyumba nyingi eti inasumbua wakati wa kukaanga samaki. Alamu ya moshi ikifika miaka 10 inatakiwa itupwe uweke mpya hata kama bado inalia. Kama huna, Red Cross wana mpango wa kufunga alamu za moshi bure majumbani, na mara nyingi wanazunguka na watu wa faya hawahawa.

Swali ninaloulizwa na kila mtu nikisimulia, bili ilikuja shilingi ngapi? Zimamoto haikuniletea bili yoyote. Ambulansi ni kitu kingine, ile ina bili zake na bima zake, na kwenye ajali za magari kuna kampuni za faya zinazoidai bima ya gari, kwa hiyo msichanganye. Lakini kwa moto au gesi nyumbani usikae unapiga hesabu ya hela huku watoto wanavuta sumu. Na hakuna aliyeniuliza makaratasi, hakuna aliyetaka kujua nimekuja nchi hii kwa njia gani, waliuliza mko wangapi ndani na kama wote wametoka basi. Lugha pia isikuzuie, jirani yangu mama wa Kikongo aliyetokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alipiga 911 akasema tu neno Swahili na jina la mtaa, wakamuunganisha na mkalimani kwenye simu.

Haya, sasa hela wanapata wapi maana gari moja jipya la faya siku hizi bei yake inakaribia dola milioni moja, na mavazi ya mtu mmoja, koti, suruali, buti, helmeti, ni maelfu. Taunishipu inatoa kiasi, kuna hela ya kodi ya bima inayopitia jimbo, lakini nyingine wanaitafuta wenyewe kwa jasho na hapa ndipo utamu ulipo. Wanachoma kuku. Jumamosi unapita barabarani unaona moshi mweupe na meza ndefu, wamepanga nusu kuku mamia kwenye wavu juu ya mkaa, wanawapaka siki na siagi na chumvi, unapewa na kiazi cha kuoka. Hakuna pilipili kabisa, nenda na yako. Kuna bingo, kuna supu ya kuku na mahindi, kuna maandazi yao ya fastnacht ile Jumanne kabla ya Kwaresma kuanza, haya mtu wa pwani akila atayaelewa mara moja.

Ila kubwa kuliko yote ni mnada wa matope. Ndivyo wanavyouita, kwa sababu inaanza mwezi wa pili na wa tatu theluji inayeyuka na uwanja mzima unakuwa tope la kuzamisha kiatu, vaeni buti. Ule wa Gordonville ndio maarufu, unakuwa mwezi wa tatu, lakini kampuni nyingi za vijijini zina wa kwao. Madalali wanaimba bei kwa kasi mpaka unahisi ulimi utakatika, na hawaimbi mmoja, wapo kadhaa kwa wakati mmoja kila mtu kona yake, huku mablanketi ya kushonwa kwa mkono, kule farasi na vigari vya farasi, pale fanicha, zana za shamba, miche, mbao. Vitu vingi ni vya Waamishi, wale Wakristo wa huku wanaoishi maisha ya kizamani, wanaleta mali yao inauzwa na sehemu au yote inaingia kwenye mfuko wa faya. Na Waamishi hao wengi ni wazima moto wenyewe. Hawaendeshi magari kwa sababu ya imani yao, lakini wanapanda gari la faya likiendeshwa na mwenzao asiye Mwamishi, wanashuka na mipira ya maji wanaingia kwenye moto kama wengine. Mtu unamuona na ndevu zake na kofia yake ya majani asubuhi anauza kabichi, jioni yuko juu ya paa la banda la ng'ombe linalowaka. Mimi mnada ule nilinunua kitanda cha mtoto cha mbao ngumu ambacho mpaka sasa hakitikisiki, na nilijisikia vizuri zaidi nikijua hela imekwenda wapi.

Maji nayo ni hadithi. Huku mashambani hakuna zile haidranti za barabarani, mabomba ya maji ya kuzimia moto, kwa hiyo wanabeba maji. Nimewaona kwenye mazoezi yao, wanafungua bwawa la turubai katikati ya barabara, gari la tenki linamwaga maji humo kwa dakika chache tu linaondoka kwenda kujaza kwenye kijito, lingine limeshafika, pampu inavuta toka kwenye lile bwawa bila kukatika. Ndio maana kwa moto mmoja unaona magari ya kampuni tatu nne toka vijiji tofauti, wanasaidiana.

Mashuleni wanakwenda mwezi wa kumi, ile wiki ya kuzuia moto inayowekwa kukumbuka moto mkubwa wa Chicago wa 1871. Binti yangu alirudi nyumbani akatulazimisha tuchague sehemu ya kukutania nje moto ukitokea, tukachagua sanduku la barua. Aliniambia pia walimvalisha mzima moto mavazi yote mbele yao kipande kwa kipande mpaka barakoa, ile ya kupumulia inayotoa sauti ya kutisha, ili mtoto akimuona ndani ya moshi asijifiche chini ya kitanda. Mimi sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtoto anaweza kumkimbia anayekuja kumuokoa.

Mapungufu yapo na nayasema kwa nia njema. Matangazo yao yote ni Kiingereza, hata karatasi ya usalama waliyoniachia, wakati mtaa wetu una Waswahili, Wanepali, na watu wanaozungumza Kihispania. Nimewaambia na wamesema nikiwatafsiria watachapisha, nimeshaanza. King'ora cha juu ya stesheni kinalia usiku wa manane, ukiwa na mtoto mchanga jirani utateseka. Na mchana wa siku za kazi wanakuwa wachache kwa sababu wengi wako makazini, hili ndilo linalonitia wasiwasi kweli. Miaka ya 1970 Pennsylvania ilikuwa na wazima moto wa kujitolea kama 300,000, ripoti ya tume ya jimbo ya 2018 ikasema wamebaki chini ya 38,000. Nyumba zimeongezeka, magari yameongezeka, watu wa kwenda wamepungua hivyo. Na jambo lenyewe ni la zamani kwenye jimbo hili, Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, na wenzake walianzisha Union Fire Company kule Philadelphia tarehe 7 Desemba 1736, kila mwanachama na ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea vitu, walipotimia 30 waliobaki wakaambiwa waunde ya kwao, ikawa hivyo mpaka mji ukajaa kampuni. Sasa hivi kuna stesheni zinafikiria kuungana kwa kukosa watu.

Ndio maana nawaomba ndugu zangu. Kuna kundi letu kubwa hapa, wengi tuko shifti za usiku kwenye maghala na nyumba za wazee, maana yake mchana tupo nyumbani, saa zilezile ambazo wao wanakosa watu. Kuingia ndani ya moto kunataka mafunzo ya miezi, jioni na wikiendi, kampuni ndiyo inalipia, na si kila mtu atafaa. Lakini kuna kazi za nje. Kuna polisi wa faya wanaosimama barabarani kuelekeza magari kwenye ajali, wengi wao ni wazee waliostaafu. Kuna jikoni, kuna hesabu za vitabu, kuna kuosha magari. Vijana wanaanza wakiwa na miaka 14 kwa ruhusa ya mzazi na ya shule, hawapelekwi kwenye moto lakini wanajifunza, na kwa mtoto wa mgeni kupata watu wazima wa kumshika mkono kwenye nchi hii si jambo dogo.

Mume wangu ameshapeleka fomu. Mimi niko jikoni na kwenye tafsiri. Ukitaka kuona kwanza, kampuni nyingi zina usiku wao wa mazoezi kwa wiki, ya kwetu ni Jumatatu, milango ya stesheni inakuwa wazi na taa zote zinawaka, ingia tu useme unaishi jirani, watakuonyesha magari na watakupa kahawa, na watoto waje pia.